Mwalimu wa Mimea Isiyo na Mbegu

Watu wa kwetu milimani, upande wa Mgange, walipomwona Mwalimu amepiga magoti kando ya njia walipunguza sauti na kupita polepole, maana walidhani anaomba. Alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo haikuwa ajabu. Sisi wanafunzi wake ndio tuliojua kwamba haombi. Alikuwa akitazama ule ukijani mwororo unaoota juu ya mawe yenye unyevu. Kofia kaiweka chini, mkono mmoja kauweka mgongoni, pua karibu iguse jiwe. Akiinuka, suruali imelowa magotini, na mkewe alikuwa ameishonea viraka viwili vya kaki mahali hapo kwa sababu kitambaa kilikuwa kinaoza.

Nimemfikiria mtu huyu muda mrefu na bado sijui nimweke wapi. Nilikuwa mwanafunzi wake, kisha nikawa mwalimu msaidizi katika shule ile ile, na nyumba yetu ilikuwa chini kidogo ya nyumba yake. Mtu ukimwona kila siku miaka mingi namna hiyo ungetarajia umjue. Mimi kila nikijaribu kumweleza kwa mtu, ninajikuta ninasema jambo moja na papo hapo ninakumbuka jingine linalolipinga.

Chukua hilo la ukijani wa mawe. Sisi sote tuliuita ukoga. Yeye alitukataza. Ukoga, alisema, ni wa meno na wa mitungi. Mmea huu una jina lake, nalo ni kuvumwani. Tukaandika. Kisha akatuambia kwamba jina lenyewe lina kuvu ndani yake na mwani ndani yake, ila mmea si kuvu wala si mwani, na tusije tukachanganya. Bila shaka tulichanganya. Nilipofika nyumbani nikajaribu kumweleza mama, naye akaniuliza kama si kuvu wala si mwani, kwa nini waliuita hivyo. Kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, mama alikuwa na neno moja kwa kila kitu cha kijani kinachoteleza, na neno hilo lilikuwa limemtosha tangu utoto wake.

Neno lake Mwalimu lilikuwa "tazama tena." Ukimletea jani ukalitaja jina, hakukwambia umepata wala umekosa. Alikurudishia mkononi akasema tazama tena. Wengine walimpenda kwa sababu hiyo. Wengine, na mimi siku nyingine nilikuwa miongoni mwao, tulitaka tu atuambie.

Aligawa mimea ubaoni kwa mistari iliyonyooka sana. Upande mmoja ile yenye mbegu, mahindi, maharagwe, mikunde, yote tuliyoilima nyumbani. Upande wa pili ile isiyo na mbegu, na huo ndio aliokaa nao zaidi, ingawa katika mtihani yalitoka maswali machache tu juu yake. Nilipokuwa darasa la sita alituandikia kwamba zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya msitu wa Ngangao ni jamii ya kuvumwani. Tukakariri. Siku moja akaja mkaguzi wa shule, akakaa nyuma ya darasa, akasikiliza, na baada ya kipindi akamchukua Mwalimu kando. Hatukusikia waliyosema. Tuliona tu Mwalimu anaitikia kwa kichwa, halafu anauliza, halafu anaitikia tena.

Kesho yake asubuhi, shule nzima ikiwa imepanga mistari uwanjani kwenye ukungu, alisimama mbele akasema kwamba alikuwa amefundisha makosa. Ndevu za miti si kuvumwani. Wala si mmea mmoja. Ni viumbe viwili vinavyoishi pamoja, kuvu na aina ya mwani, kila kimoja kikikishika kingine. Akasema tufute. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Habari hiyo ilifika nyumbani kabla yangu. Baba yangu hakuwa mtu wa kelele, lakini jioni ile aliuliza kwa upole: ikiwa amekosea hilo, tunajuaje kama hesabu anazofundisha ni sawa? Wazazi wengine waliuliza vivyo hivyo, tena si kwa upole. Katika siku zile mwalimu hakuwa mtu wa kukosea. Na kilichotutatiza zaidi ni kwamba ndevu zile sasa zilikuwa kuvu na mwani kweli, vitu viwili alivyotuambia tusivichanganye na kuvumwani.

Sasa mtu huyo aliyeweza kusimama mbele ya watoto akasema nimekosea, kanisani alikuwa jiwe. Hakuna aliyemsikia akirudi nyuma katika kikao cha wazee. Jirani yetu mmoja alizuiwa ushirika kwa sababu ya mbangara, ile pombe ya miwa, na aliyesimama kidete azuiwe ni Mwalimu. Wiki hiyo hiyo tukamwona Mwalimu shambani kwa mtu huyo, kavua viatu, wanapalilia pamoja na kucheka. Mke wa jirani yule alimwambia mama kwamba hajui ampikie mgeni wao kimanga, chakula cha heshima kwetu, au amfukuze na jembe. Alimpikia.

Kipindi ninachokikumbuka kuliko vyote kilikuwa cha kangaga, ule mmea wa majani kama manyoya. Nilikuwa darasa la saba. Alitupeleka kijitoni chini ya shule, mahali penye kivuli ambapo kangaga ziliota zikafunika kingo zote mbili. Akageuza jani moja, akatuonyesha madoadoa ya kahawia yaliyojipanga chini yake. Akalikung'uta juu ya karatasi nyeupe na karatasi ikabaki na vumbi. Hilo vumbi, alisema, si mbegu, lakini ndilo linalotoka kuanza maisha. Tukamwuliza kama chembe ya vumbi ikianguka inaota kangaga. Akasema hapana.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alitafuta sana kwenye udongo wa ukingo, akachimbua kwa ncha ya kisu kitu cha kijani chembamba, kidogo kuliko ukucha, chenye umbo la moyo. Chembe ya vumbi huota hiki, akasema. Hiki hakifanani na kangaga hata kidogo, lakini ni cha ukoo wake. Upande wake wa chini kuna sehemu za kiume na sehemu za kike, na maji yakipita, hata tone la umande, cha kiume huogelea mpaka kwa cha kike. Vikikutana, hapo ndipo inapoota kangaga kubwa, na moyo ule unanyauka. Na kangaga ile itatoa vumbi, na vumbi litaota moyo mwingine.

Tulisimama tukimtazama. Mmoja akauliza mzazi wa kangaga ni nani. Moyo, akasema. Na mzazi wa moyo? Kangaga. Kwa hiyo mtoto hafanani na mzazi wake? Hafanani kamwe, akasema, anafanana na babu. Na kuvumwani je, ni hivyo hivyo? Ni hivyo hivyo, akasema, ila ni kinyume, maana huko ule mmea tunaouona ndio ulio kama moyo, na mtoto hukua juu ya kichwa cha mama yake, amesimama kwenye kijiti chembamba, hashuki chini maisha yake yote. Wavulana wakaanza kucheka. Mwalimu mwenyewe akatabasamu, akasema kwamba yeye alisoma jambo hilo chuoni mara nyingi na kila mara, akifika katikati, hupotea na kuanza upya.

Msichana mmoja, mkimya, binti ya fundi wa matofali, akainua mkono. Aliuliza swali lake taratibu, hakuwa na utani:

"Mwalimu, kama tone la maji limepita na mtoto hakupatikana, wanajuaje kama kasoro ni ya kike au ya kiume?"

Mwalimu alikuwa amechuchumaa na kile kitu cha kijani kikiwa juu ya kidole. Alikitazama kidole chake, kisha akakirudisha kitu kile kwenye udongo, akakifunika kidogo kwa jani, akatuambia turudi shuleni. Kengele ilikuwa bado. Tulitembea nyuma yake, na hatukujua kama yule msichana alikuwa ameuliza vizuri au vibaya. Msichana mwenyewe alikuwa karibu kulia.

Ili uelewe ukimya ule inabidi nikuambie habari za nyumbani kwake. Mke wa Mwalimu hakuwa wa milimani. Alitoka Mboghoni, bondeni Taveta, penye mifereji inayopita katikati ya migomba, na baridi ya kwetu ilimtesa. Alikuwa na kicheko kikubwa kilichotufikia chini kwetu. Alikuwa rafiki wa mama. Mama alipougua kichomi ndiye aliyelala sakafuni kwetu kumwangalia. Yeye na mumewe walibishana juu ya vitu vidogo, chumvi, dirisha kufungwa au kuachwa wazi, na walifurahia kubishana. Mwalimu alifua nguo zake mwenyewe, na za mkewe pia siku za baridi kali, mchana kweupe, jambo lililowafanya wanaume wageuze uso wakipita.

Na hawakuwa na mtoto. Miaka ilipita. Kwetu hakuna aliyejiuliza kasoro ni ya nani, jibu lilijulikana kabla ya swali. Ukoo wa Mwalimu ulianza kwa maneno ya pembeni, kisha kwa ziara, mwishowe ukaitisha kikao. Baba yangu alikuwepo kwa sababu ni wa ukoo, na ndiye aliyetusimulia. Baba mkubwa wake Mwalimu alisema waziwazi kwamba nyumba isiyo na mbegu inafungwa, na kwamba ikiwa kanisa linamkataza mke wa pili, basi amrudishe huyu kwao aoe mwingine. Mwalimu aliwaacha wote waseme. Zamu yake ilipofika, akaanza kuwaeleza wazee habari za kangaga.

Baba alisema aliongea muda mrefu sana. Vumbi, moyo, tone la maji, mtoto anayefanana na babu. Wazee walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza akakaa. Baba mkubwa akauliza kama hiyo ni ndiyo au ni hapana. Mwalimu akasema amewaambia yote anayojua. Wakatoka pale wengine wakidhani amekubali, wengine wakidhani amekataa, na mmoja akidhani amewatukana. Baba alipomaliza kusimulia akasema, "Nadhani alikuwa anajisemea mwenyewe."

Muda si mrefu baada ya kikao hicho Mwalimu alisafiri kwenda Mombasa, akakaa huko siku kadhaa. Alituambia anakwenda kutafuta vitabu. Alirudi mikono mitupu. Halafu, mwanzoni mwa kiangazi, mkewe akafunga mizigo. Mwalimu alimsindikiza kwa miguu mpaka barabarani, akambebea sanduku kichwani, jambo ambalo mwanaume wa kwetu hafanyi. Akampandisha gari la kwenda Voi ili achukue treni ya Taveta, akarudi peke yake. Mama alilia jikoni. Hakuwa ameagwa.

Kanisa lilimvua uzee. Walimwita ajieleze, naye hakujieleza. Alisema tu kwamba mke wake hakutenda kosa lolote, na kwamba waandike hivyo. Kama hakutenda kosa, wakauliza, kwa nini umemrudisha? Watu waliokuwa wakimtaka amfukuze sasa walimwona mbaya kwa kumfukuza, hata baba mkubwa wake alisema hakutegemea iwe ghafla hivyo. Wakamletea majina ya wasichana. Hakuoa. Hapo tukapotea kabisa. Mtu anamrudisha mke kwa sababu ya watoto, halafu haoi?

Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha darasa la kwanza pale pale shuleni, na tulikaa chumba kimoja cha walimu. Mama alikuwa ameacha kumsalimia. Mimi nilimsalimia kwa sababu ya kazi, lakini nilikuwa na hasira naye. Alifundisha kama kawaida, labda vizuri zaidi. Siku moja nilimkuta peke yake na birika la chai limepoa mbele yake, nikawa na swali mdomoni. Akaniuliza kama watoto wangu wameanza kuunganisha herufi. Nikasema wameanza. Akasema hiyo ni hatua kubwa sana, nisiidharau. Nikatoka nje na swali langu.

Kisha akahama. Angeweza kuomba shule yoyote milimani, yeye akateremka Maungu, kwenye joto na vumbi jekundu, kufundisha watoto wa wafanyakazi wa reli. Huko hakuna kijito wala ukungu. Watu walisema amejiadhibu. Wengine walisema anataka tu kukaa karibu na njia ya treni. Sijui nani alisema kweli.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa stesheni ya Voi, miaka kadhaa baadaye, asubuhi, nami nikisubiri treni ya kupanda Nairobi kwenda chuo cha ualimu. Kwenye benchi niliona mwanamke amejitanda leso kichwani, mtoto mchanga mgongoni, na mwingine wa kama miaka mitatu amemwegemea, jicho moja limefungwa kitambaa. Alicheka juu ya kitu fulani alichosema mtoto, na kwa kicheko hicho nikamjua. Alikuwa mke wa Mwalimu. Nilipokwenda kumsalimia alinikumbatia kama mwanawe, akaulizia mama, akafuta machozi kwa ncha ya leso.

Aliniambia ameolewa na mfanyabiashara wa kwao huko Taveta. Yule mtoto mkubwa anapelekwa hospitali Mombasa, na mumewe yuko Moshi kwa shughuli zake. Yeye Mombasa haijui. Kwa hiyo mumewe alituma mtu Maungu kumwomba Mwalimu, anayeujua mji ule, awasindikize, na Mwalimu amekuja. Yuko pale nje anatafuta maziwa ya moto. Lazima uso wangu ulionyesha kitu, kwa sababu aliniuliza:

"Huko juu wanasema alinifukuza, sivyo?"

Nikasema ndivyo wanavyosema.

"Hakunifukuza. Alikwenda Mombasa akapimwa. Daktari akamwambia kasoro ni yake. Alirudi akaniambia usiku ule ule, akaniomba niende kwa baba nikaolewe ningali kijana."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema. Kwa nini aliwaacha watu wamseme yeye, na kumsema mkewe vilevile, miaka yote hiyo. Alitazama reli.

"Kwanza nilidhani ni aibu. Baadaye nikadhani ni kiburi. Mpaka leo sijui. Watu wa kwetu wanaojua wanasema alinihurumia. Mimi sikutaka kuhurumiwa, mwanangu. Nilikuwa namtaka yeye. Hawa watoto, Mungu anajua ninavyowapenda, siwezi kusema nisingewataka. Lakini hakuniuliza."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akimrekebishia mtoto kitambaa cha jicho. Nami niliyekuwa na hasira na Mwalimu kwa jambo moja, sasa hasira ile ilikosa pa kukaa, ikageuka kuwa huruma, na kabla haijatulia ikawa hasira tena kwa jambo jingine.

Mwalimu akaja akiwa ameshika kikombe cha bati kwa ncha za vidole kwa sababu kilikuwa cha moto. Alikuwa amekonda, nywele zimeanza mvi. Alinisalimia, akauliza chuo, akafurahi kweli kusikia kwamba nimepata nafasi. Akampa mama mtu maziwa, naye akayapokea bila kumtazama, akaonja, akasema yana sukari nyingi. Mwalimu akasema ndivyo wanavyouza. Yule mama akasema angeweza kuwaambia wapunguze. Walibishana hivyo kidogo, kwa sauti za chini, wote wawili wakitazama kikombe.

Mtoto alikuwa akimwangalia Mwalimu kwa lile jicho lililo wazi. Alimvuta mama yake leso, akauliza kwa sauti iliyosikika benchi zima:

"Huyu ni nani wetu?"

Mama yake alimpigapiga yule mtoto mchanga mgongoni kumbembeleza, ingawa alikuwa amelala. Nilimtazama Mwalimu. Nilikuwa nimemwona akikosa jibu mbele ya darasa na mbele ya ukoo mzima, lakini sikuwa nimemwona na uso kama ule. Alichuchumaa mpaka wakawa sawa kwa urefu.

"Mimi ndiye nitakayekupeleka kwa daktari," akasema.

Mtoto akafikiri.

"Na kurudi?"

"Na kurudi."

Mtoto akainua mikono abebwe. Mwalimu akambeba. Mama yake akainama akaanza kukusanya mizigo, sanduku, kikapu, kirago, akivipanga na kuvipanga upya, na treni ya Mombasa ilikuwa bado haijaonekana.